Sijambo Kidogo

Makutupora, Jumapili 30 Novemba 1997

Naanza kuandika kwa sababu mume wangu Eliakimu amechoka kunisikiliza, nami nimechoka kumchosha. Daftari halichoki. Hili nimelitoa kwenye kabati la shule bila kumwomba mtu, na mwanafunzi ninayemkamata kwa kosa hilo hilo huwa namchapa.

Jina langu ni Loisi Chilewa, umri miaka hamsini na mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1991 lori lililobeba madawati yetu lilipinduka nami nikiwa juu ya madawati. Mgongo ulipasuliwa mara mbili ukapona. Mguu wa kushoto haukupona, ingawa hauna kidonda wala uvimbe. Unaungua kuanzia tako hadi kidole gumba, mwaka wa sita sasa. Madaktari wanasema mguu wenyewe ni mzima, kinachouma ni mshipa wa fahamu ulioumia mgongoni. Nimewahi kumjibu mmoja kwamba kama mguu ni mzima basi auchukue yeye.

Mwezi huu, katika hospitali ya misheni mjini, daktari mgeni ametupasua watu wanne akatutia waya kwenye uti wa mgongo. Wodini tulimwita Daktari Waya, naye akalipenda jina. Waya wangu unaishia kwenye kisahani kilichoshonwa chini ya ngozi ya mbavu. Juu ya ngozi nabandika kisahani kingine kwa plasta, nacho kina uzi unaokwenda kwenye kiboksi ninachofunga kiunoni. Kiboksi kinatumia betri ndogo ya mraba. Nikiwasha, umeme unapita mgongoni na mguu unatekenywa mahali pale pale unapoungua. Maumivu hayaondoki. Yanafunikwa, kama unavyofunika ugomvi wa jirani kwa kuongeza sauti ya redio.

Tumekatazwa mambo matatu kwa miezi mitatu: kuinama, kubeba, na kunyoosha mikono juu ya kichwa. Waya ukiteleza umekwisha.

Juzi nililala kwa saa sita bila kuamka. Nilipoamka nilidhani nimekufa, kisha nikasikia Eliakimu anamfokea kuku.

Jumanne 2 Desemba

Evarista amekuja. Ni nesi wa hospitali ile, na kila Jumanne anakuja na gari la kliniki ya watoto. Nilimfundisha darasa la pili kule Haneti, akiandika herufi s kinyume mwaka mzima. Amepewa karatasi na Daktari Waya. Kila juma amwulize mgonjwa maumivu ni ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi, na kumi ndiyo mabaya kabisa.

Hakuniuliza ngapi. Aliniamkia shikamoo, akakaa, akasema, "Mwalimu, unaendeleaje?"

Nikamwambia sijambo kidogo. Akaandika. Sikuchungulia, maana si adabu.

Jumapili 7 Desemba

Jirani yetu Dorkasi ameniambia mbele ya watu kanisani kwamba serikali imeshindwa kuleta umeme kijijini lakini mgongoni mwangu umefika, kwa hiyo akikosa mafuta ya taa atakuja kusomea Biblia kwangu. Wamecheka wote, nami nimecheka. Nimesimama wimbo mzima bila kushika benchi.

Jumanne 9 Desemba

Evarista. Sijambo kidogo. Na ni kweli kabisa.

Ameniambia wenzetu wawili wa wodini wametunga usaha na waya zao zimetolewa. Tumebaki mimi na Mzee Filipo wa Bahi. Nilisikitika kwa hao wawili zaidi ya nilivyofurahi kwa Filipo. Yule mzee, mkulima wa mpunga aliyerushwa na fahali, alilia wodini siku nne mfululizo. Ukimwuliza hali anajibu "nakufa". Akiletewa uji, "nakufa". Mwanamume mwenye wajukuu. Nilimwonea haya kwa niaba yake.

Jumanne 16 Desemba

Mvua kubwa. Redio inaiita Elninyo. Eliakimu anafurahi kwa ajili ya uwele na anaogopa kwa ajili ya zabibu. Evarista amefika amelowa. Sijambo kidogo.

Jumatano 24 Desemba

Nitaandika ilivyokuwa, maana sitamwambia mtu.

Mvua ilianza asubuhi na kufika saa nane maji ya mfereji yalikuwa yanaingia stoo. Eliakimu alikuwa shambani anafungua mitaro ili mizabibu isisimame majini. Stoo mlikuwa na gunia la uwele wa mbegu, na maji yalikuwa yamelifikia. Nilisimama mlangoni nikalitazama. Nilijua nimekatazwa nini. Niliwaza kumwita Dorkasi, nikaona aibu kumtoa mtu mvuani kwa gunia moja. Nikainama nikalishika masikio, nikalivuta hadi juu ya kichanja. Halikuwa zito hata kidogo.

Nilipolipandisha nilisikia kitu kinateleza mgongoni. Hakikuuma. Kiliteleza tu, na mara ile ile mtekenyo ukatoka mguuni ukahamia tumboni, chini ya mbavu. Nikaongeza umeme. Tumbo likarukaruka kama la mtu mwenye kwikwi. Nikapunguza, nikazima, nikawasha upya. Tumboni. Na mguu, uliokuwa umenyamaza mwezi mzima, ukaanza kuungua tangu juu.

Nilikaa juu ya kinu nikalia. Sikulia kwa maumivu, hayo nayajua. Nililia kwa sababu nilionjeshwa nafuu.

Eliakimu aliporudi aliona gunia liko juu. Akaniangalia usoni. "Nani amelipandisha?" Nikamwambia Dorkasi amepita.

Alhamisi 25 Desemba

Krismasi. Nimekaa.

Jumanne 30 Desemba

Nilijiandaa kumwambia Evarista. Nilikuwa nimeipanga hata sentensi. Akaniamkia, akaniambia mama yake wa Haneti ananisalimu, akasema, "Mwalimu, unaendeleaje?" Na mdomo ukajibu wenyewe, sijambo kidogo, namshukuru Mungu.

Naandika sababu ili niione. Huyu binti nilimchapa kwa kutosikiliza maelekezo. Sasa nimwambie mimi nilielekezwa mambo matatu na nikavunja la kwanza ndani ya majuma matano, kwa gunia la uwele? Jumanne ijayo nitamwambia.

Jumanne 6 Januari 1998

Sijambo kidogo.

Jumatatu 12 Januari

Shule imefunguliwa. Nimefundisha nimekaa. Watoto wamefurahi, mwalimu aliyekaa hachapi.

Jumanne 13 Januari

Eliakimu amejua. Alishuku siku nyingi, kumbe. Jana alimsalimu Dorkasi na kumshukuru kwa gunia, Dorkasi akamwuliza gunia gani. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mama, mwambie yule binti."

Leo Evarista alipouliza, nikasema sijambo kidogo. Eliakimu alikuwa anakaza mpini wa jembe pale mlangoni. Akasema, "Hapana, Sista, huyu haendelei vizuri." Nikamkata palepale. Nilicheka nikasema mzee anataka niendelee kuumwa ili apike yeye, amenogewa. Evarista akacheka akaandika. Eliakimu akachukua jembe lake akaenda.

Nilimdhalilisha mtu aliyekuwa ananisemea. Miaka sita nimelalamika kwenye moyo wangu kwamba mizabibu inamshughulisha kuliko mimi. Jioni amerudi, ameniwekea maji ya kuoga.

Jumanne 20 Januari

Sijambo kidogo. Mvua.

Ijumaa 23 Januari

Siwezi kuvaa kiatu cha kushoto. Hata shuka likigusa kidole gumba nauma mto.

Jumanne 27 Januari

Mvua. Evarista anasema reli imekatika huko Gulwe na Bahi ni bwawa tupu. Mzee Filipo ameletwa hospitali kwa sababu nyumba yake imejaa maji, na pia waya wake ulikatika tangu Desemba, anaumwa sana. "Anasumbua wodi nzima, Mwalimu. Angejifunza kwako." Nilitabasamu. Nilifurahi kusifiwa, na naona aibu kuandika hivyo.

Sijambo kidogo.

Jumanne 3 Februari

Sijambo kidogo.

Jumanne 10 Februari

Daktari Waya ametaka karatasi zetu. Evarista amezituma kwa faksi kutoka ofisi ya dayosisi juma lililopita. Mzungu huyo anakuja Machi, siku moja tu badala ya majuma mawili, kwa ndege ndogo, kwa sababu njia zimeharibika. Atabeba waya kulingana na karatasi.

Nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida, karatasi yangu inasemaje. Akafungua mkoba akanionyesha nakala kwa furaha. Mbili, mbili, mbili, mbili, kutoka Desemba hadi sasa. Juu pembeni alikuwa amejiandikia kwa kalamu ya risasi jinsi ya kuhesabu. Sijambo, sifuri. Sijambo kidogo, mbili. Hivyo hivyo, tano. Naumwa, saba. Nakufa, tisa.

"Nilishindwa kukuuliza namba, Mwalimu," akasema. "Nikaona nitengeneze mwenyewe. Mzee Filipo ana tisa tupu. Wewe ndiye umempa daktari moyo, amesema ukurasa wako atauonyesha kwao."

Nikamrudishia nakala yake. Nikamwambia mwandiko wake umekuwa mzuri.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Nataka kumlaumu na siwezi. Angeandika nini? Sisi wote tunajua kwamba mtu mwenye homa ya kumwua husema hajambo kidogo, na anayemwuliza anajua, na anamtazama machoni, na anatoka nje kuwaambia wengine hali ni mbaya. Maneno ni ya adabu, macho ndiyo yanayofanya kazi. Evarista alikuwa anatazama karatasi. Nami macho yangu nilikuwa nimeyafunga ili asione, kwa ustadi wa mwalimu wa miaka ishirini na minane. Jumanne nitasema. Nitasema namba kwa kinywa changu: tisa.

Jumanne 17 Februari

Nilikaa barazani tangu saa mbili nimevaa gauni la kanisani. Gari la kliniki halikuja. Korongo limechukua barabara.

Jumanne 24 Februari

Halikuja.

Jumamosi 28 Februari

Tumeanza kuvuna kinachovunika. Vishada vimepasuka kwa maji na vina ukungu mweupe. Wanunuzi hawafiki kwa barabara hii. Eliakimu anakata, ananusa, anatupa. Nimeandika barua kwa Evarista, nimempa mtu anayekwenda mjini kwa miguu.

Jumanne 3 Machi

Halikuja. Mtu yule alivuka korongo maji yakiwa kifuani. Barua ilikuwa mfukoni, ikalowa yote.

Jumanne 10 Machi

Halikuja.

Jumanne 17 Machi

Tumeletewa ujumbe: Jumanne ijayo, saa tatu, hospitali. Eliakimu amekwenda kutafuta punda.

Jumatano 25 Machi

Naandika ya jana.

Tulitoka kabla jua halijachomoza, mimi juu ya punda hadi korongo, kisha Eliakimu akanivusha mgongoni. Ana miaka hamsini na minane. Katikati ya maji alisimama kupumua, na niliusikia moyo wake unavyopiga. Ng'ambo tulipata trekta hadi mjini. Tulifika saa tano.

Kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji alikuwa amekaa Mzee Filipo, amevaa shuka la hospitali, tayari kuingizwa. Amekwisha kabisa. Mdomo wa chini umechanika kwa kuung'ata. "Mbukwa, mwalimu," akanisalimu kwa Kigogo. Nikakaa karibu naye.

Daktari Waya akatoka akicheka, akanishika mikono yote miwili. Amejifunza Kiswahili kidogo tangu Novemba. "Hujambo, Mwalimu?"

Nilikuwa nimelikariri neno tisa tangu korongoni. Nikasema, "Sijambo." Kisha, kabla hajauachia mkono wangu, nikasema, "Hapana. Sikusema kweli. Waya umehama tangu siku ya mkesha wa Krismasi. Mguu unaungua kuliko zamani. Maumivu ni tisa."

Evarista alikuwa amesimama nyuma yake kwa ajili ya kutafsiri. Hakutafsiri. Daktari akamwuliza mara mbili, ndipo akasema.

Akaniingiza chumba cha pembeni, akawasha kiboksi, akaniuliza nasikia wapi. Nikaonyesha tumbo. Akapandisha umeme, tumbo likarukaruka mbele ya macho yake. Akaichukua karatasi akaiangalia muda mrefu. Akaongea na Evarista polepole, na Evarista akawa anajibu kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili.

"Anauliza mbili ilitoka wapi," akaniambia. "Nimemwambia ulisema sijambo kidogo. Anauliza maana yake. Nimemwambia sijambo ni kwamba huna jambo. Anauliza, kama hana jambo, kidogo ni kidogo cha nini?" Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Mwalimu, sijui nimjibu nini. Kidogo ni cha nini?"

Nami sikujua. Ni neno nimelisema maisha yangu yote.

Daktari akakaa. Alieleza kupitia kwake, na naandika kama alivyosema. Waya ulioteleza hausukumwi tena, unatolewa na kuwekwa mwingine. Waya hizi anapewa kwao moja moja, kwa kuomba, na anaomba kwa kuonyesha karatasi. Karatasi zilisema mtu mmoja. Ameleta mmoja. Mwaka huu anastaafu, na hakuna anayekuja badala yake. Alisema samahani, na niliona kwamba ni kweli.

Niliyofanya baada ya hapo nayaandika ili yasije yakabadilika kichwani mwangu. Nilitoka hadi kwenye benchi, daktari akanifuata, nikamwambia, mbele ya Mzee Filipo na mbele ya mume wangu, "Nipe mimi. Mimi nina watoto mia moja na ishirini darasani. Mimi ni mdogo kwake. Huyu hulia hata kwa uji." Nilisema hivyo. Evarista aliangalia chini, hakulitafsiri hata neno moja, lakini daktari alielewa.

Mzee Filipo hakukasirika. Alinigeukia taratibu kwa sababu ya mgongo wake.

"Mwalimu," akasema, "mie nimesema tangu Desemba. Kila aliponiuliza nilimwambia. Wewe ulikuwa unasema hujambo."

Wakaja kumchukua na kitanda cha magurudumu. Aliponipita alilia, kama anavyolia, kwa sauti, bila haya, na safari hii sikumwonea haya. Nilimwonea wivu.

Eliakimu alinishika mkono tukarudi kwenye trekta. Njia nzima nilingoja aniambie kwamba alinionya. Hakuniambia. Kwenye korongo aliinama nikapanda mgongoni kwake, tukavuka.

Jumapili 29 Machi

Sikwenda kanisani.

Alhamisi 2 Aprili

Mvua imekatika. Zabibu zote zimeoza, Eliakimu anazifukia kwenye mitaro aliyoichimba kuziokoa. Nimemwambia mwalimu mkuu sitaweza muhula ujao. Alisema pole, akaniuliza funguo za kabati ziko wapi.

Jumanne 7 Aprili

Evarista amekuja kwa miguu kutoka korongoni, gari bado halipiti. Ameniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba. Akakaa. Hakuuliza naendeleaje. Eliakimu akaenda kuchemsha chai.

Alisema Mzee Filipo jana ametembea hadi getini na kurudi, na kwamba anawaambia wauguzi hajambo. Nilitafuta furaha moyoni kwa ajili yake. Nilichukua muda, lakini nadhani niliipata.

Kisha akatoa karatasi yangu mkobani, ile ya asili, na kalamu. "Mwalimu, naomba tuisahihishe."

Nikamwambia daktari amekwisha kuondoka. Akasema anajua. Akaishika karatasi juu ya goti akaniuliza, kwa mara ya kwanza, macho yake yakiwa machoni mwangu, "Tarehe thelathini Desemba. Ngapi?"

"Tisa."

Akaifuta mbili, akaandika tisa. Tarehe sita Januari. Tisa. Kumi na tatu. Nane, nikasema, siku ile ilikuwa nane. Tukaenda hivyo, Jumanne moja baada ya nyingine, pamoja na zile ambazo gari halikuja, na kila namba alirudia kwa sauti kabla ya kuiandika ili awe na hakika amenisikia. Eliakimu alisimama mlangoni na birika hadi chai ikapoa.

Tulipomaliza akaikunja mara mbili, akaniuliza aipeleke wapi. Nikamwambia sijui.